Bariyeri Kwenye Mgongo wa Mama Mdogo

Siku ile mama mdogo alirudi nyumbani akitembea kama msichana. Nilikuwa nimeketi kwenye veranda ya parseli yetu, kiwanja chetu hapa Ngezi, mtaa wa Bunia, ninachambua sombe, majani ya muhogo, nikamwona anaingia langoni na bidoni ya maji kichwani, mabega yamekaa sawa, mikono yote miwili inaning'inia bila kazi. Kwa miezi mingi mgongo wake ulikuwa umeinamia upande wa kushoto, na kila alipoinuka alishika kiuno na kumwita mama yake aliyekufa zamani. Sasa alitua bidoni peke yake, akajinyoosha, akanitazama kama mtu anayengoja kusifiwa.

"Nani amekunyoosha hivi?" nikauliza.

"Yule papa wa mgongo, ule baba wa kule Mbunya. Amenilaza juu ya ubao, amenikanyaga na goti, nimesikia mgongo inalia ka! ka! ka! kama kuni kavu. Sasa niko mutoto. Unitafutie bwana."

Tukacheka. Nilifurahi kweli, maana kucheka kwake kulikuwa kumepungua sana tangu aje kwetu.

Asubuhi iliyofuata nilimpa uji, akaunywa wote. Kwa kawaida alianza na vidonge, akangoja kidogo, ndipo akanywa uji. Nikamuuliza kama amekwisha kuvimeza.

"Kinini?" Hivyo ndivyo alivyoviita vidonge. "Nimeacha."

"Umeacha juu ya nini, mama mudogo?"

"Juu basoda yangu imeamuka," akasema, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Ile mabariyeri yote ya mgongo, papa ameivunja. Njia iko wazi. Na weye unajua, basoda wa kwetu wakiwa na nguvu, wageni wanarudi kwao."

Ilinibidi niweke sufuria chini ili nielewe vizuri nimesikia nini.

Msomaji asiyekaa Bunia naye anahitaji kuelezwa, na kueleza ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu mzazi. Maisha yake yote alilima maharage na mahindi kwenye milima ya Djugu, mpaka asubuhi moja kijiji chao kilipochomwa, akaja kwetu kwa miguu, akiwa na mkeka na jembe lisilo na mpini. Alipofika alikuwa anakohoa. Tulidhani ni vumbi la njiani na baridi ya kulala nje. Alipoanza kukonda na kulowesha nguo kwa jasho, nilimpeleka kwenye kituo cha afya, wakapima makohozi, wakakuta kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure, na humezwa kwa miezi sita bila kuruka siku. Alipokwenda kwa yule papa wa mgongo, alikuwa hajafika hata nusu ya safari.

Mimi mwenyewe kazi yangu ni kinezi. Ninawasaidia watu waliovunjika kutembea tena, waliopooza kuinua kijiko, na wenye maumivu ya mgongo kupata usingizi. Kwa hiyo mgongo si kitu kigeni kwangu. Nami pia hubonyeza na kuzungusha pingili za watu pale inapofaa, na najua kwamba mtu anaweza kupanda mezani akiwa analia na akashuka akitabasamu. Sikumwonea yule papa wivu, wala sikumwona tapeli.

Kuhusu askari, ambao mama mdogo huwaita basoda, habari ilianza hivi. Kabla ya hapo, mhamasishaji mmoja wa afya alikuwa amefika na kipaza sauti kwenye eneo wanapokaa watu waliokimbia vita, ambako mama mdogo alikuwa na marafiki wengi. Akaeleza kwamba mwili una askari wake, wanaozunguka ndani ya damu na kupigana na wadudu wa magonjwa. Mfano huo hutumiwa kote duniani, na mahali pengi hauna shida. Kwetu, watu waliangua kicheko. Bibi mmoja akapaza sauti: "Na mushahara yao inatoka wapi?" Mwingine akauliza kama askari hao wa mwilini nao hula kuku wa mtu wanayemlinda. Mhamasishaji akacheka nao, akaendelea kusema kwamba dawa ni msaada kutoka nje, zinapigana bega kwa bega na askari wetu wa ndani.

Mama mdogo alisikiliza kwa makini, akaenda nayo nyumbani kichwani, akaipanga kwa yale aliyoyaona maishani. Askari wa ndani wapo, lakini ni dhaifu, tena hawafiki panapotakiwa kwa sababu barabara zimefungwa. Wageni wenye kofia za buluu, wale walinda amani, wamekuja kusaidia. Wageni hao ndio vidonge. Wanakaa, wanakula, wanatia kichefuchefu, wanageuza mkojo kuwa mwekundu. Kisha anatokea mtu mwenye mikono ya nguvu, anamwambia kwamba kwenye uti wa mgongo kuna bariyeri zinazozuia kinga ya mwili isipite, naye anazivunja moja moja, tena unazisikia kwa masikio yako mwenyewe zinavyovunjika. Mtu aliyewahi kusimama juani kwenye bariyeri, kile kizuizi cha askari kwenye barabara ya Marabo, mzigo wake ukifunguliwa na kufungwa, anajua furaha ya kamba inayoshushwa. Sasa wageni wabaki kufanya nini?

Sikuweza kumwita mjinga. Alikuwa amefikiri kuliko wengi wetu.

Nikaanza kumweleza. Nilivuta kigoda karibu naye, nikachukua gunzi la mahindi, nikamwonyesha jinsi mgongo ulivyopangwa: pingili juu ya pingili, na kati yake viungo vidogo vyenye maji mazito. "Ile sauti uliyosikia," nikamwambia, "si kitu kinachovunjika. Ukivuta kiungo kwa ghafla, hewa iliyoyeyuka ndani ya maji yale inatoka mara moja. Ni kama kufungua chupa ya limonade."

"Kwa hiyo papa amenifungua."

"Amefungua chupa, mama mudogo. Hajafungua barabara."

"Na maumivu imeenda wapi?"

Hapo alinishika, maana maumivu yalikuwa yamekwenda kweli. Nikamweleza kwamba misuli iliyokaza hulegea, na ubongo ukipata habari mpya kutoka mgongoni huacha kupiga kelele kwa muda. Nikaongeza kwamba askari wa mwili huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, husafiri kwa damu na kwa tezi, na kwamba damu yake haikuwa imezuiwa mahali popote mgongoni. Nikamweleza pia kwamba mdudu wa kifua kikuu ana ujanja. Wale walio macho hufa mapema, na mgonjwa anaona nafuu. Wengine hulala mafichoni, na ukiacha dawa wanaamka, wakiwa wamekwisha kuizoea.

"Kama magugu," nikasema, nikitumaini shamba litanisaidia. "Umeng'oa majani, mizizi imebaki udongoni. Ukilitupa jembe sasa, je?"

Alinipapasa mkono. "Unasema vizuri, mwanangu. Lakini mimi niliona shamba safi kabisa, na bado watu walikuja kulichoma. Siyo magugu njo iliniondoa kule."

Siku hiyo hakumeza. Kesho yake pia hakumeza. Na kila siku iliyopita niliisikia mwilini mwangu mwenyewe, kwa sababu nimewahi kumhudumia mgonjwa aliyeacha dawa zile katikati. Tulimfundisha kupumua na kutoa makohozi, tukamgeuza na kumpigapiga mgongoni, lakini mikono yetu haikutosha kumwokoa.

Nilikuwa na hofu nyingine. Kifua kikuu huweza kushuka kutoka mapafuni na kuingia katika pingili za mgongo, kikazila taratibu kama mchwa anavyokula nguzo, huku nje pakionekana salama. Ukiweka goti juu ya mgongo wa namna hiyo, mtu anaweza asisimame tena. Nilimlaza mama mdogo, nikagonga kila pingili kwa kifundo cha kidole, nikimuuliza inauma wapi. Akasema inatekenya. Hata hivyo nilimpeleka akapigwa picha, na daktari akaniambia mifupa yake iko salama. Nilishukuru Mungu, lakini sikulala vizuri. Safari hii mgongo ulikuwa mzima. Safari ijayo nani ajuaye?

Ungesema jambo lilikuwa rahisi: niende kwa yule papa, nimkaripie mbele za watu, nimwambie aache kudanganya wagonjwa. Katika mji mwingine huenda ningefanya hivyo. Lakini yeye alitoka kwa watu wa ng'ombe, na mama mdogo alitoka kwa watu wa jembe, na wakati ule amani yetu ilikuwa kitambaa tu juu ya kidonda. Watu walinunua maziwa na maharage sokoni kwa wenzao wa upande wa pili, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, lakini kila mmoja alijua mwenzake anaishi mtaa gani na atakimbilia njia ipi. Kama ningepaza sauti kwamba mtu wa upande ule anawaharibu wagonjwa wa upande huu, maneno yangu yangefika mwisho wa barabara yakiwa yamegeuka: wanatuua kwa mikono. Na vijana wa kulipiza kisasi hawakukosekana.

Tena kulikuwa na jambo ambalo sikutaka kuliharibu. Mama mdogo, ambaye nyumba yake ilichomwa, alikuwa amemgeuzia mgongo mtu wa upande ule, amelala kifudifudi mbele yake na kumruhusu aweke goti. Kwake yeye hilo lilikuwa kubwa kuliko kidonge chochote. Aliporudi hakusema kwamba papa ni wa wale. Alisema tu kwamba mikono yake ina heshima.

Basi nikaenda Mbunya peke yangu, siku ya kazi, wakati wa mchana ambapo wateja ni wachache. Alikuwa na kibanda cha turubai kando ya wauza mbao, benchi ndefu ya mti mzito, gunia la pumba kama mto, na kopo la samli aliyopaka mikononi. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, aliyevaa koti lililofungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali.

"Karibu, mama. Mgongo ama shingo?"

"Mdomo, papa. Nimekuja kuzungumza."

Akacheka, akanipa nafasi kwenye benchi. Nilipojitambulisha kwamba mimi ni kinezi, aliinua nyusi.

"Aa, docta wa mgongo! Umekuja kufunga duka yangu?"

"Hapana. Umemsaidia mama yangu mdogo. Hashiki tena kiuno."

"Yule wa mzaha mingi? Ameniomba nimutafutie bwana mwenye ng'ombe. Nimemuambia ng'ombe zilikwisha, nimebaki na fimbo."

Nikamuuliza kama ni yeye aliyemwambia aache vidonge. Alikana, na nilimwamini. Alikuwa amemwambia tu kwamba njia ya kinga imefunguka na mwili wake sasa utajipigania. Maneno hayo aliwaambia wote. Alikuwa ameyasikia kwa mtu aliyemfundisha kazi, ng'ambo ya ziwa, ambaye naye alikuwa na picha ya mgongo ukutani yenye mistari inayotoka kila pingili kwenda kila kiungo cha mwili.

"Sasa weye uliyesoma," akasema, akipangusa samli vidoleni, "uniambie. Ile kazi yangu inaamusha kinga ama haiamushi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na bado lilinipa shida, kwa sababu sikutaka kumjibu kwa kiburi wala kwa uongo. Nikamwambia ninavyojua. Ni kweli mishipa ya fahamu hutoka mgongoni ikafika kwenye bandama na sehemu nyingine zinazotunza askari wa mwili, kwa hiyo si upuuzi kuuliza. Wapo wataalamu waliopima damu ya watu kabla na baada ya kunyooshwa mgongo, na wengine wakaona vitu fulani vidogo vikipanda au kushuka kwa muda mfupi, kisha vikarudi. Wengine hawakuona kitu. Wengi wa waliopimwa walikuwa watu wazima wenye afya, si wagonjwa. Na mimi sijaona popote ilipothibitishwa kwamba mtu aliyenyooshwa anaugua mara chache zaidi, au kwamba kifua kikuu kiliondoka kwa goti.

"Kwa hiyo hamujui."

"Hilo la mgongo hatulijui vizuri, papa. La vidonge tunalijua. Mtu akivimaliza, kwa kawaida anapona. Akiviacha, ugonjwa unarudi na ukali."

Nikaona hajashawishika. Alisema watu wake wanarudi wakimwambia mafua yamewaacha, na usingizi umekuja, na chakula kina ladha. Nikamwambia kwamba mtu akipungukiwa maumivu hulala, na akilala hula, na mwili uliolala na kula una nguvu, na hiyo si kazi ndogo, aione fahari. Lakini sikuona neno langu likiingia. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekusifia ng'ombe mmoja ili akunyime wa pili.

Ndipo nikasema nililokuwa ninaliogopa. Nilipunguza sauti.

"Papa, mama yangu mdogo anatoka Djugu. Akifa akiwa ametoka kwenye benchi lako, mimi nitasema amekufa kwa kifua kikuu. Wewe unafikiri watu watasema nini?"

Wauza mbao walikuwa wanabishana juu ya urefu wa ubao, mmoja akimwambia mwenzake macho yake yamejaa pombe. Yule papa aliwatazama wale watu kwa muda mrefu, mmoja mmoja, kama anayewapima. Kisha akachukua gunia la pumba, akalikung'uta, akaliweka tena mahali pake.

"Umuambie aje kesho," akasema.

Tulikwenda pamoja. Mama mdogo alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa, na alipofika alianza kupanda benchi. Yule papa akamzuia kwa mkono.

"Mama, sikunyooshi."

"Juu ya nini? Nimekukosea?"

"Kinini yako iko wapi?"

Akanigeukia mimi kwa jicho kali. "Umenishitaki!"

"Ajanishitakia mutu," papa akasema. "Mimi mwenyewe njo nasema. Bariyeri ya upande wangu nimefungua. Iko ingine upande wa ndani, ile ya kinini. Ukiacha, hii yangu inajifunga tena. Umalize dawa yote. Siku umemaliza, unakuja, nakunyoosha bure, mpaka unacheza. Mbele ya ile siku, benchi yangu haikujui."

"Kweli?"

"Niko mutu wa neno moja."

Mama mdogo akawaza. Kisha akafungua fundo la kitambaa chake, na humo, kwa mshangao wangu, mlikuwa na vidonge vyote alivyokuwa ameacha kumeza. Hakuwa amevitupa. Akavitoa vya siku ile, papa akampa maji kwenye kikombe chake mwenyewe, akanywa mbele yetu wote wawili.

Ningependa kusema kwamba nilirudi nyumbani na furaha. Nilirudi nikiwa na utulivu, na chini ya utulivu huo kitu kinachokwaruza. Bariyeri ya ndani haikuwepo kama ile ya nje isivyokuwepo. Maelezo yangu yote, ya gunzi na ya limonade na ya magugu, yalikuwa yameshindwa, na uongo mpya mzuri ulikuwa umeshinda kwa niaba yangu. Na yeye hakuusema kwa sababu ya elimu niliyompa. Aliusema kwa hofu, na hofu ile nilimpelekea mimi. Njiani nilijiambia kwamba mgonjwa kwanza apone, mengine tutaelezana. Kwenye kituo cha afya walimpa maneno makali kidogo kwa siku alizoruka, wakapima tena, wakampanga upya, na dawa zikaendelea.

Alimeza kila asubuhi. Wakati mwingine alitapika, akapumzika, akala ndizi. Nilipomsifu, alisema, "Si kwa ajili yako. Nimepeana neno kwa yule papa."

Kisha habari mbaya zikaja kutoka upande wa Marabo. Sitasimulia yaliyotokea huko, kwa sababu sikuyaona kwa macho yangu na yamesimuliwa mara nyingi na watu ambao pia hawakuyaona. Bunia maduka yalifungwa mapema, watu wakasimama vikundi vikundi, na maziwa yakakosekana sokoni. Nilipopita Mbunya, turubai lilikuwa limeondolewa. Benchi ilikuwa imechukuliwa na wauza mbao, wanaitumia kupangia misumari. Nikauliza, wakasema hawajui amekwenda wapi. Mmoja alisema amevuka ziwa. Mwingine alimkanyaga mguu ili anyamaze.

Nilikaa na habari hiyo mchana mzima. Mama mdogo alikuwa bado na vidonge vya wiki kadhaa, na nilijua anavimeza kwa ajili ya ahadi ya mtu yule. Nikinyamaza, atamaliza. Nikisema, labda ataacha. Lakini nilikuwa nimekwisha kuubeba uongo mmoja, na wa pili ulinishinda uzito. Nikamwambia palepale jikoni, akiwa anapepeta mchele.

"Papa wa mgongo hayupo tena. Sijui kama atarudi."

Aliendelea kupepeta. "Wamemufanya kitu?"

"Sijui. Wanasema ameondoka salama."

"Wanasema." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. "Mimi nilimuambia nitamaliza. Yeye kuenda, ile ni yake. Neno ni yangu."

Na alimaliza. Makohozi yalipimwa kwa mara ya mwisho, na mwuguzi wa kituo, ambaye huwa hacheki, alicheka. Nilimkumbatia mama mdogo pale kwenye baraza la kituo, nikasikia mbavu zake zimepata nyama. Nilidhani hapo ndipo habari ilipoishia.

Jumapili iliyofuata, kanisani, wakati wa ushuhuda, mama mdogo aliinuka bila kuniambia. Kwetu mtu akiponywa husimama mbele, kila mtu akasikia, nyimbo zikaitikia. Kanisa letu limejaa watu waliokimbia, wanaolala wengi katika chumba kimoja, na kikohozi hupita kati ya mabenchi yetu kama mtoza sadaka. Alisimama wima, akasema kwamba aliugua kifua, mgongo ukainama, akawa kama mzee. Kisha akasema kwamba aliyemwinua ni mtu wa ng'ombe. Akalitamka kabila lake waziwazi.

"Aliniwekea mikono kwa heshima," akasema. "Akafungua njia ya basoda wa mwili wangu. Hamutaki kusikia, lakini mimi njo niliyelala kwenye ile benchi. Mungu amulinde kule iko."

Watu wachache wakasema amina, kwa sauti ya chini. Wengine walitazama chini. Machozi yalinitoka, maana sikuwa nimesikia neno kama hilo likisemwa mahali pale tangu vita vianze. Na katikati ya machozi nikagundua kwamba anaelekea kuketi, na vidonge hajavitaja.

Sikuwa na muda wa kupanga. Ningenyamaza, neno lake zuri lingebaki zima, na watu wangelibeba hivyo lilivyo. Nyuma yangu mtu alikohoa. Nikasimama.

"Ni kweli yote," nikasema. "Alinyooshwa mgongo, maumivu yakaondoka. Na huyo papa ndiye aliyemwambia asiache dawa, akakataa kumgusa mpaka azimalize. Kifua chake kimepona kwa vidonge, kila siku, miezi yote, mpaka cha mwisho. Mwenye kikohozi kisichoisha aende akapime. Ni bure."

Mama mmoja wa mbele akamnong'oneza jirani yake, si kwa sauti ndogo ya kutosha: "Huyu naye! Iko na wivu, juu naye ni wa mgongo." Mwingine akasema kwamba nimemtetea mtu wa upande ule. Mama mdogo hakunitazama. Kiongozi wa nyimbo akaanza wimbo upesi, ngoma zikaingia, na yote yakafunikwa.

Tulipotoka, mama mdogo alitangulia kwa hatua ndefu, akiwa amenuna. Nilitaka kumkimbilia. Lakini mwanamume mmoja alinigusa kiwiko, mwembamba, koti limemzidi, leso mdomoni. Nilimfahamu kwa sura. Familia yake ilifika Bunia wakati mmoja na mama mdogo. Alikohoa kwanza, akangoja pumzi irudi.

"Mama, samahani. Yule wa kunyoosha mgongo, iko naishi wapi?"

"Ameondoka, ndugu yangu."

"Iko mwingine?"

"Mgongo unakuuma?"

"Hapana. Kifua."

Nilimtazama mama mdogo akipotea kwenye kona, kisha nikamtazama yule mtu. Nikamwambia nyumbani kwangu si mbali na kituo cha afya, na kesho asubuhi nitamngoja langoni ili twende pamoja wakampime makohozi.

"Na basoda?" akauliza. "Na ile bariyeri?"

"Kesho," nikasema. "Njiani nitakueleza. Wewe uje tu."

Alikubali kwa kichwa, bila kusema kama atakuja.